Kidole chako umemwazima nani?

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nachuja uji wa watoto, simu iliita. Alikuwa mama yangu mkubwa, anaishi Kilosa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka haraka, ile ya mtu mwenye lake moyoni. Kisha akasema, "Mwanangu, nimeitwa polisi."

Mama mkubwa ana miaka 68. Maisha yake yote ni shamba, kanisa na kikundi cha vikoba cha kila Alhamisi. Ana simu moja, kitochi cha vibonyezo, na laini moja ambayo kazi yake ni kupokea hela tunazomtumia na kumpigia mdogo wake. Meseji hasomi mwenyewe, husomewa na mjukuu. Sasa anaambiwa kuna namba ya simu yenye jina lake imepokea 480,000 za mtu wa Singida aliyedanganywa kwamba ananunua mashine ya kukoboa mpunga. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa lake, majina yote matatu, hakuna herufi iliyokosewa.

"Mimi hata Singida sijafika," akaniambia. Nilitaka kucheka, nikashindwa kwa sababu alikuwa analia.

Alikwenda kituoni mara tatu. Bodaboda ni 6,000 kwenda na kurudi, na siku ya kwanza alikaa tangu saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mpaka mjumbe alipofika kumdhamini. Askari hawakumtendea vibaya, hilo naomba niliseme. Lakini mji mdogo hauna siri. Kabla jua halijazama, wanakikundi wenzake walikuwa wameshasikia kwamba mama yule ni tapeli wa mtandaoni, na Alhamisi iliyofuata mweka hazina alimwomba kwa upole kwamba ufunguo mmoja wa sanduku, ambao yeye ndiye aliyekuwa akiutunza kwa miaka minne, akae nao mtu mwingine "kwa muda". Hilo la ufunguo lilimuuma kuliko polisi.

Mzazi mwenzangu, tukisikia mtu ameibiwa tunafikiria mkoba au simu yenyewe. Mama mkubwa hakupoteza hata shilingi kwenye simu yake. Kilichoibiwa ni jina.

Tulikaa naye kwenye simu tukirudi nyuma hatua kwa hatua, tukapata. Miezi kama mitano kabla, vijana wawili walikuja kwenye mkutano wa kikundi na mwavuli na begi la laini. Laini bure, bando la wiki bure. Mama mkubwa akaona si vibaya, atampa mjukuu. Akataja namba yake ya NIDA, akaweka kidole gumba. "Bibi, hakijasoma, weka tena." Akaweka. "Jaribu hiki cha shahada." Akaweka. "Mtandao unasumbua, futa kidole na kanga kisha weka mara ya mwisho." Akafuta, akaweka. Aliondoka na laini moja.

Uzuri wa ujanja huu, kama wizi una uzuri, ni kwamba unafanana kabisa na ukweli. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 50 kweli havisomeki vizuri kwenye mashine. Ameshazoea kuambiwa arudie. Na kwa kuwa usajili wa laini unakwenda kwa namba ya NIDA na alama ya kidole tu, kila kidole kinapokubali kinaweza kuwa laini nyingine mpya, ambayo kijana anaitia mfukoni na kwenda kuiuza kwa mtu asiyetaka kujulikana. Mnunuzi ana laini yenye jina la bibi wa Kilosa. Anafanya anayoyafanya, anaitupa, anachukua nyingine.

Sisemi kila kijana wa mwavuli ni mwizi. Wengi wanatafuta riziki juani na wanafanya kazi yao kwa haki. Ila siku hizi mimi sisajili laini barabarani, wala kwenye mkutano, wala mtu akinifuata nyumbani. Naenda dukani kwa kampuni yenyewe, nasimama foleni, na kidole kikikataa naomba nione kioo cha mashine kimeandika nini kabla sijarudia. Mhudumu mwaminifu hakasiriki ukimwomba hivyo.

Baada ya simu ile ya mama mkubwa nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nikapiga *106# na kufuata maelekezo. Hii ni njia iliyowekwa ili kila mtu aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, ni bure, na inafanya kazi hata kwenye kitochi. Kama una laini za mitandao miwili, piga kwenye kila moja.

Nilitegemea kuona laini mbili. Nikaona sita.

Nikaketi. Nikamwita baba watoto, akaziangalia, akaniambia kwa sauti ya mtu anayejua atakuwa sahihi, "Hizo si za wezi. Hizo ni zako." Na kweli. Unakumbuka ile Januari ya 2020? Usajili wa vidole ulikuwa umeanza Mei 2019, mwisho ukatangazwa 31 Desemba, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari. Foleni za NIDA zilizunguka majengo. Wengi hawakuwa na namba, achilia mbali kadi. Basi katika kila ukoo aliyekuwa na namba aligeuka kisima. Mimi nilimsajilia mdogo wangu wa mwisho. Nikamsajilia binamu aliyekuwa chuo. Nikamsajilia dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa kijijini na ilikuwa lazima wawasiliane. Kila mmoja nilimwazima kidole changu kwa moyo mweupe, na kila mmoja alisema, "Nikipata NIDA yangu nitabadilisha."

Jumlisha: zangu mbili, ya mdogo wangu, ya binamu, ya dada. Hizo ni tano. Ya sita sikuijua, na nitairudia.

Mdogo wangu alikuja Jumatatu, tukaenda dukani pamoja, yeye na namba yake ya NIDA na mimi na yangu, umiliki ukahamishwa. Hiyo ndiyo njia: aliyesajili na anayetumia wote wawili wafike. Binamu alikuwa mgumu zaidi. Aliona kama namshuku. "Kwani dada mimi nitakuibia?" Nikamwambia swali si hilo. Swali ni kwamba akipoteza simu kwenye daladala leo usiku, kesho anayetafutwa ni mimi. Na akikopa kwenye simu asilipe, deni linaandikwa jina langu, na siku nitakayokwenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba, ndipo nitakapoambiwa kuna mtu aitwaye mimi ambaye halipi. Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba kweli ana deni la 35,000 kwenye laini ile. Kwa jina langu.

Ya dada wa kazi ndiyo iliyoninyima usingizi. Aliondoka kwetu 2021, tuliachana kwa wema, aliolewa Tabora. Nikaipiga ile namba. Akapokea mwanaume. Nikamuuliza kwa adabu hii namba ni ya nani, akasema ni yake, ameinunua. Kainunua! Nikampata dada kupitia kwa shangazi yake, akaniambia simu ilimharibikia, akaiuza na laini ikiwa ndani, hakufikiria. Na kwa nini angefikiria? Hata mimi niliyemsajilia sikufikiria kwa miaka. Sikumgombeza. Nilikwenda dukani, nikathibitisha kwa kidole kwamba mimi ndiye mwenye usajili, nikaomba laini ile na ile nisiyoijua ziondolewe kwenye jina langu. Yule mwanaume wa Tabora alinipigia jioni akiwa amekasirika kwamba namba yake haipandi mtandao. Nilimwelewa, lakini sikumwonea huruma sana.

Nimezungumza mengi kuhusu laini, ila jina lina milango mingine. Angalia namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa jiulize namba yako ya siri ya kutolea hela ni ipi. Nilipouliza swali hili kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa mtaani, hakuna aliyejibu, lakini vicheko vilinitosha. Namba ya siri ina tarakimu nne, mwaka wa kuzaliwa una tarakimu nne, na binadamu ni mvivu. Ina maana kila kopi ya kitambulisho unayoiacha kwa dalali, kwenye stesheneri, kwa anayeandikisha wanafunzi, ina namba yako ya siri juu yake imeandikwa wazi. Mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kwanza nao hausaidii, kwa sababu wote wanaokuita mama fulani wanaujua.

Nikitoa kopi siku hizi naandika kwa kalamu katikati ya picha ya kitambulisho, bila kufunika namba: ni ya kazi gani na tarehe. "Maombi ya kujiunga shule" na tarehe ya siku hiyo. Kopi yenye maneno hayo haimfai mtu anayetaka kwenda nayo kwingine. Na ukituma picha ya kitambulisho kwenye kompyuta ya stesheneri ili wachapishe, usiondoke mpaka uione inafutwa, na kapu la taka la kompyuta nalo limwagwe. Wahudumu wengi hawahifadhi kwa nia mbaya, wamesahau tu kufuta, na kompyuta ile inaguswa na watu 100 kwa siku.

Halafu kuna hili la watoto, na hapa naomba wazazi tuvumiliane. Mwezi Novemba na Desemba simu zetu hujaa picha za mahafali. Mtoto kavaa joho, nyuma kuna bango lenye jina la shule, chini mzazi kaandika majina matatu ya mtoto, umri, na pongezi kwa mwalimu wake kwa jina. Ni furaha halali. Mimi pia nimeweka. Lakini ndiyo malighafi ya ile simu inayoanza, "Wewe ni mzazi wa fulani? Mimi ni mwalimu wake. Mtoto ameanguka, tumemkimbiza hospitali, daktari anataka 85,000 za kipimo haraka." Mzazi akisikia jina la mtoto, la shule na la mwalimu, akili inahama. Hakuna anayekumbuka kuhakiki akiwa anatetemeka, kwa hiyo amua sasa hivi ukiwa umetulia. Sisi tumekubaliana na mwalimu wa darasa kwamba dharura yoyote itatoka kwenye namba mbili tu, ya ofisi na yake, na zote tumezihifadhi kwa majina. Ikija simu nyingine tunakata na kupiga sisi wenyewe.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu mkasa ulikuwa wa aina nyingine. Mama mmoja alipata meseji kutoka kwa mzazi mwenzake: "Samahani, kuna namba za tarakimu sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unitumie." Akamtumia. Dakika mbili baadaye akaunti yake ikamtoka, na kwa kuwa picha na jina ni vyake, kundi zima likapokea ombi lake la 150,000 "nitarudisha jioni, benki inasumbua". Wazazi wawili walituma. Aliyeombea zile namba mwanzoni naye alikuwa ameshaporwa akaunti yake hivyo hivyo. Mpaka leo wale wawili wanamtazama kwa jicho la pembeni kwenye vikao vya shule, ingawa wote wanajua si kosa lake.

Zile tarakimu sita ndizo ufunguo wa akaunti. Hazitumwi kwa mtu kwa bahati mbaya. Nenda kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako mwenyewe ya siri. Kazi ya dakika moja, na hata mtu akizipata zile sita ataombwa na hiyo nyingine.

Na wale wanaopiga wakijidai ni wa kampuni ya simu? Huduma kwa wateja ni 100. Mtu akikupigia kwa namba ya kawaida akisema laini yako inafungwa leo, bonyeza nyota ishirini na moja na kadhalika, usibonyeze kitu. Kuna namba za nyota zinazohamisha simu zako zote ziende kwake. Mwache aendelee kuongea peke yake. Ukipata meseji ya kitapeli, ile ya "hela tuma kwenye namba hii", ihamishie 15040, kisha utajibiwa uandike namba iliyokutumia. Watu hufuta tu. Usifute kabla hujaituma huko.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu janja sitaki kurefusha, ni mada ya siku yake. Niseme tu kwamba programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu yako, huuzi jina lako peke yako, unauza na ya shangazi zako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Angalia leseni kwanza.

Nimeulizwa na jirani, kwani sheria haipo? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Hii ya pili inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa kazi gani na kutaka zirekebishwe. Shule ikikuomba kopi tatu za kitambulisho, una haki ya kuuliza kwa nini tatu. Mimi niliuliza mwaka huu. Mhasibu alinikodolea macho, kisha akasema moja inatosha.

Jambo ninalotofautiana na wengi ni ushauri tunaowapa wazee. Tunawaambia, "Bibi, usimpe mtu namba yako ya siri," tunaridhika. Bibi haoni kioo vizuri. Akifika kwa wakala anampa simu na kumnong'oneza namba, tena kwa sauti ya mtu aliyepungua kusikia, kibanda kizima kinasikia. Kumkataza ni kumwambia asitoe hela. Afadhali achaguliwe mtu mmoja wa kwenda naye, namba ibadilishwe mara kwa mara, na kwenye simu isikae hela ya zaidi ya wiki moja. Mama mkubwa tumemchagulia mjukuu wake wa kike aliye kidato cha pili. Jambo la kwanza alilofanya yule binti ni kumpigia bibi *106#. Zilikuwa laini nne. Moja ndiyo ile ya Singida.

Walikwenda mjini wakaziondoa tatu, na karatasi waliyopewa wakaipeleka kituoni, kwa sababu ilionyesha zile laini zilisajiliwa siku moja, zimepishana dakika chache. Askari aliitazama muda mrefu, akaitoa kopi, akauliza jina la kijana wa mwavuli. Hakuna aliyelijua. Jalada bado halijafungwa, ila hajaitwa tena.

Alhamisi iliyopita mama mkubwa alibeba karatasi ile hadi kwenye kikundi, akamwomba mjukuu aisome kwa sauti mbele ya wote. Baada ya hapo wanawake 23 walipanga simu zao juu ya mkeka, na yule binti akaanza kupiga nyota mia moja na sita, moja baada ya nyingine. Kufika saa 12 jioni alikuwa amepata laini za ziada kwenye simu 9. Ya mweka hazina ilikuwa na tano.

Ufunguo wa sanduku umerudi kwa mama mkubwa. Binamu yangu bado hajaja dukani. Nimempa hadi mwisho wa mwezi.